Nani Stelingi, Nani Adui? Watazamaji wa Quién sabe? na Ugomvi Wao

Utangulizi

Yeyote aliyewahi kubanana kwenye benchi la kibanda cha video anaijua kanuni ya kwanza ya picha: stelingi hafi. Akipigwa risasi, itakuwa ya bega. Akitumbukia mtoni, ataibukia ng'ambo. Adui naye ana lake: lazima afe, tena mwishoni, tena afe vibaya. Mtazamaji akishatambua stelingi ni nani, kazi yake kubwa imekwisha. Kilichobaki ni kushangilia.

Makala haya yanahusu picha iliyowafanya watazamaji wasielewane hata juu ya jambo hilo dogo. Ni Quién sabe?, picha ya kauboi ya Kiitaliano iliyoongozwa na Damiano Damiani na kutoka mwaka 1966. Jina lake ni la Kihispania, na maana yake ni "Nani ajuaye?" Wako wanaoiita picha ya mapinduzi, tena ya kwanza ya aina yake miongoni mwa picha zaidi ya 400 za kauboi zilizotengenezwa na Waitaliano katika miaka ya sitini na sabini. Wako wanaosema ni biashara iliyopakwa rangi nyekundu. Wako pia wasiotaka kusikia neno siasa hata kidogo, maana wao walikuja kuona farasi na bunduki.

Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kihistoria: ugomvi juu ya picha hii unatufundisha namna watu wa zama mbalimbali walivyoitazama sanaa yenye siasa. Ya pili ni yangu mwenyewe. Tuliitazama pamoja, wanafunzi kumi na wawili katika chumba cha semina, kitambaa cheupe kimetundikwa ubaoni. Ilipokwisha tuligombana hadi mlinzi akaja kufunga mlango. Mimi nilitoka mle nimeshindwa, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nilishindwa kwa lipi.

Kisa chenyewe

Kwa ambao hawajaiona, nitakieleza kisa kwa ufupi, hadi mwisho wake, kwa sababu ugomvi wote umelala mwishoni.

Tuko Meksiko, katika mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910. Kijana wa Kimarekani, Bill Tate (Lou Castel), suti safi, uso wa mtoto, anasafiri kwa treni. Mtoto mmoja anamwuliza kama anaipenda Meksiko. Anajibu kwamba haipendi sana. Treni ile imebeba silaha za serikali, na majambazi wa El Chuncho (Gian Maria Volonté) wanaisimamisha kwa mbinu ya kikatili: ofisa wa jeshi amefungwa relini, yu hai, na treni ikisogea itampondaponda. Katika vurugu hizo Tate anajifunga pingu mwenyewe, anajifanya mfungwa, na hivyo anapokelewa kundini. Chuncho anampenda mno. Anamwita Niño, yaani mtoto.

Chuncho anaiba silaha ili amwuzie Jenerali Elías, kiongozi wa wanamapinduzi aliyejificha milimani. Nduguye, El Santo (Klaus Kinski), ni mtu wa dini mwenye wazimu kidogo. Yeye hurusha mabomu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na anaamini kabisa kwamba silaha zile wanazitoa bure. Kundi linafika mji mdogo wa San Miguel, na tajiri wa pale mwenye ardhi, Don Felipe, anauawa. Chuncho anaonja kitu kipya: watu wanamhitaji. Anataka kubaki awalinde. Lakini wenzake wanaondoka na bunduki ya rashasha, naye, akijidanganya kwamba anaifuata ili airudishe, anawaacha wale watu bila ulinzi.

Mwishowe anafika kwa Elías na kulipwa. Ndipo anapoambiwa kwamba watu wa San Miguel wamekwishauawa na jeshi. Chuncho hajitetei. Anakubali kwamba anastahili kufa, na Santo anajitolea kumpiga risasi nduguye. Hapo hapo, kutoka mbali, Tate anafyatua. Elías anakufa kwa risasi ya dhahabu, Santo naye anakufa. Kumbe Tate alikuwa muuaji wa kukodiwa tangu mwanzo, na Chuncho alikuwa punda wa kumfikisha kwa jenerali.

Sasa inakuja sehemu yenyewe. Tate anamngoja Chuncho hotelini Ciudad Juárez na kumpa nusu ya malipo, kwa dhahabu. Anampeleka kwa kinyozi, anamvisha suti, anataka waende wote Marekani. Stesheni, Tate anawapita Wameksiko waliopanga foleni dirishani, anakata tiketi kana kwamba wale watu ni nguzo. Chuncho anatazama. Kisha anamwambia Tate kwamba lazima amwue. Tate anauliza kwa nini. Jibu ndilo jina la picha: nani ajuaye? Anampiga risasi, treni inaichukua maiti kuelekea kwao, na Chuncho anamtupia fedha maskini mmoja pale stesheni akimpigia kelele asinunue mkate, anunue baruti.

Basi niambie, ndugu msomaji: stelingi ni nani hapo?

Waliotengeneza na wakati wao

Damiani hakuwahi kukubali kwamba alitengeneza picha ya kauboi. Alisema na kurudia kwamba hiyo ni picha juu ya mapinduzi ya Meksiko, basi. Kwa hiyo mtazamaji wa kwanza kuleta ubishi alikuwa mwongozaji mwenyewe. Ukiwatazama aliofanya nao kazi unaelewa kwa nini. Mwandishi Franco Solinas, aliyeitengeneza hadithi ya Salvatore Laurani hadi ikawa hivi ilivyo, ndiye pia aliyeandika Vita vya Algiers, picha ya Gillo Pontecorvo iliyopata Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka huo huo wa 1966. Volonté alikuwa mkomunisti ambaye watazamaji walikuwa wamekwishamzoea kama adui katika picha mbili za Sergio Leone za mwaka 1964 na 1965. Lou Castel, mzaliwa wa Bogotá mwenye asili ya Uswidi, alijiunga baadaye na wafuasi wa Mao na kufukuzwa Italia mwaka 1972. Angalia kinyume hicho: aliyecheza beberu alifukuzwa nchini kwa kuupinga ubeberu.

Wakati nao ulikuwa unasema. Serikali ya Guatemala ilipinduliwa kwa mkono wa Marekani mwaka 1954. Kuba ilivamiwa mwaka 1961 na uvamizi ukashindwa. Askari wa Marekani waliingia Jamhuri ya Dominika mwaka 1965. Vietnam ilikuwa inaungua. Kwetu huku Lumumba aliuawa Januari 1961, kifo ambacho Ubelgiji ilikuja kukiri mwaka 2002 kwamba ina sehemu ya lawama. Waitaliano hawakukosa kukiona: mwaka 1968 Valerio Zurlini alitoa picha juu ya kiongozi wa Kiafrika anayefanana waziwazi na Lumumba, akichezwa na Woody Strode, ambaye mwaka huo huo alionekana katika kauboi ya Leone. Kwa hiyo kijana mpole wa kigeni anayeingia katikati ya wanamapinduzi, akawa rafiki yao, kumbe mfukoni ana risasi moja yenye jina la mkubwa wao, hakuwa kitendawili kwa watazamaji wa miaka ile. Wengi walimsoma palepale kama jasusi wa Washington.

Na historia ya Meksiko yenyewe haikuwasuta. Rais Madero aliuawa Februari 1913 baada ya mapinduzi ya kijeshi ambayo balozi wa Marekani, Henry Lane Wilson, alikuwa na mkono ndani yake. Zapata hakushindwa vitani: alivutwa kwa hila hadi Chinameca akapigwa risasi tarehe 10 Aprili 1919. Jenerali Elías hakuwahi kuwapo duniani, lakini kifo chake kimewahi kuwapo mara nyingi.

Picha moja, majina mengi

Hapa nataka kutoa hoja ambayo naiona imepuuzwa. Watazamaji walianza kugawanyika kabla ya taa kuzimwa, pale mlangoni, kwenye bango.

Muitaliano alikata tiketi ya Quién sabe?, yaani alikata tiketi ya swali. Mfaransa aliiona picha ile ile ikiitwa El Chuncho: yeye alikwishaambiwa stelingi ni nani. Mwenye kusoma Kiingereza alipewa A Bullet for the General, Risasi kwa ajili ya Jenerali. Jina hilo linamtoa Chuncho katikati na kumweka Tate na kazi yake. Mtazamaji wa namna hiyo anaingia akiingojea risasi. Ikishafyatuliwa, picha kwake imekwisha, na zile dakika za mwisho, za hotelini na stesheni, anaziona kama mkia mrefu usio na maana. Anauliza: mbona Chuncho anamwua mtu aliyemwokoa?

Sisemi kwamba jina la picha ndilo linaloamua kila kitu. Nasema kwamba wahakiki tumezoea kugombana juu ya dhamira kana kwamba wote tumeipokea kazi moja. Kumbe wauzaji walikwishafanya uhakiki kabla yetu, kwa maneno mawili matatu tu, na mtazamaji akaubeba uhakiki huo hadi kitini bila kujua.

Siasa au biashara?

Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa kati ya watu wa upande mmoja, yaani wa mrengo wa kushoto wenyewe kwa wenyewe. Swali lao lilikuwa hili: je, fani ya kibepari inaweza kubeba maudhui ya kimapinduzi?

Kundi la kwanza lilisema inaweza. Makabwela hawaendi kutazama picha za wasomi. Wanakwenda kutazama kauboi. Basi mfuate kabwela aliko, umpe farasi na milipuko anayoitaka, na ndani yake umwekee swali. Solinas aliishika njia hii zaidi ya mara moja: jina lake limo katika La resa dei conti (1966), Il mercenario (1968) na Tepepa (1969), zote za mlalahoi wa Meksiko anayekutana na mgeni.

Kundi la pili lilisema haiwezi. Fani si gunia ambalo unaweza kutia mchele leo na kesho mkaa. Kauboi ni fani inayomfundisha mtazamaji kufurahia mtu mmoja mwenye bunduki na kuwasahau wengi wasio nayo, hata ukimvisha huyo mmoja kofia ya Zapata. Mfano wao bora ni Le Vent d'est, iliyotolewa mwaka 1970 na kundi la Jean-Luc Godard. Hiyo ni kauboi iliyovunjwavunjwa makusudi: hakuna kisa cha kushika, sauti zinabishana na picha, na ndani yake yumo Volonté yule yule. Kuna mahali Glauber Rocha wa Brazil anasimama njia panda, mikono ameinyoosha, akionyesha sinema ya Dunia ya Tatu ipite wapi. Mwaka 1969 Solanas na Getino wa Ajentina walikuwa wamekwishaandika ilani yao wakidai sinema ya tatu, isiyo ya Hollywood wala ya wasanii binafsi wa Ulaya.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atatabasamu, maana ugomvi huu tunao nyumbani. Ni ule ule wa riwaya pendwa na riwaya dhati. Elvis Musiba alipomtuma Willy Gamba kupambana na makaburu, je, aliwafikishia vijana habari za ukombozi wa kusini mwa Afrika, au aliwauzia ngumi na warembo kwa kisingizio cha ukombozi? Wapo walimu wetu wasioweza kulijibu swali hilo bila kupandisha sauti.

Mimi naona makundi yote mawili yalimsahau mtu mmoja, naye ni mtazamaji. La kwanza lilimchukulia kama mtoto wa kunyweshwa dawa ndani ya asali. La pili lilimchukulia kama mgonjwa wa kuamshwa kwa maji ya baridi. Watazamaji halisi hawakungoja kufanyiwa lolote kati ya hayo. Katika The Harder They Come ya Perry Henzell (1972) tunawaona watu wa Kingston ndani ya sinema wakitazama Django ya Corbucci, wakipiga kelele, wakijitia wenyewe ndani ya kisa. Huku kwetu Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya historia ya sinema Tanzania, ameeleza namna watu wa mijini walivyotoka ndani na kuijadili picha njiani na vibarazani, wakiipima kwa maisha yao. Mtazamaji wa namna hiyo hapokei tu siasa ya picha. Anakuja na yake.

Leone anajibu

Mwaka 1971 Leone alitoa Giù la testa, na wengi wameiona kama jibu kwa picha za akina Solinas. Inaanza na maneno ya Mao juu ya mapinduzi, kisha inageuka. Juan Miranda (Rod Steiger), jambazi mwenye familia kubwa, anamweleza Muayalandi Mallory (James Coburn) mapinduzi ni nini: waliosoma vitabu huwaendea wasiojua kusoma na kuwaambia mabadiliko yanahitajika, wasiojua kusoma wanafanya mabadiliko, waliosoma wanakaa mezani wanazungumza na kula, na wale maskini, wamekwishakufa. Mallory, aliyekuwa akimsoma Bakunin, anakitupa kitabu matopeni.

Kuna waliosema Leone ni msaliti, amewakatisha watu tamaa. Kuna waliosema ndiye pekee aliyesema kweli. Leone mwenyewe alijitetea kwamba picha yake ni ya urafiki, mapinduzi ni pazia la nyuma tu.

Ukiziweka picha hizi mbili pamoja unaona jambo la ajabu. Chuncho na Juan wanakubaliana juu ya vitabu. Hakuna hata mmoja aliyeingia mapinduzini kwa kusoma. Tofauti yao ni kwamba Juan anaweza kueleza kwa nini hataki mapinduzi, na anaeleza vizuri mno. Chuncho hawezi kueleza kwa nini anayataka. Nani ajuaye? Ndiyo maana sisi wasomi tunampenda Juan: anazungumza kama sisi.

Foleni

Nirudi chumbani kwetu. Picha ilipokwisha niliomba kusema wa kwanza. Nilisema Chuncho ni mwuaji asiye na shukrani. Tate amemwokoa na kifo, amemgawia mali nusu kwa nusu bila kulazimishwa, amemheshimu. Kwa mantiki ya kisa, nilisema, mauaji ya mwisho hayana sababu, na mwandishi amekiri udhaifu wake kwa kumfanya mhusika aseme hajui. Niliona nimesema vizuri. Nilitumia maneno kama "uhalisi" na "motisha ya mhusika".

Mwenzangu mmoja, mtu wa Kigoma ambaye mwaka wa kwanza alikuwa akija chuoni kwa treni, aliniangalia kwa muda. Kisha akasema, "Bwana, wewe hujapanga foleni maishani mwako."

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini sikuwa na jibu, maana alikuwa amesema kweli. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi katika ofisi moja. Kila nilipohitaji karatasi yenye mhuri, niliingia mlango wa nyuma, nikapewa soda, nikatoka na karatasi. Nilikuwa nikiwapita watu kwenye benchi la nje, wengine wamekuja na chakula kwa sababu wanajua watashinda pale. Nakumbuka viatu vyao, sura sikumbuki hata moja. Sikuwahi kuwachukia wala kuwadharau. Sikuwaona tu.

Sasa, Tate naye hawadharau wale Wameksiko wa foleni. Hawatukani, hawasukumi kwa hasira. Hawaoni. Na hapo ndipo Chuncho, aliyevaa suti, aliyenyolewa, anapoona. Amekwishajua kwamba Tate alimwua Elías, na kwa hilo hakumwua. Amekwishajua kwamba yeye mwenyewe alitumiwa kama punda, na kwa hilo pia hakumwua, alipokea dhahabu. Lakini anapoiona foleni ile ikipitwa anafahamu mambo mawili kwa pamoja: kwamba siku zote yeye ni mtu wa foleni, na kwamba suti hii inamvusha dirishani kwa sharti la kutowaona walio nyuma. San Miguel aliwapita watu vivyo hivyo. Sababu ipo, na imeonyeshwa waziwazi. Anayeiona haina sababu amezoea kuhudumiwa wa kwanza.

Hicho ndicho nilichoshindwa nacho. Nilidhani ninahakiki muundo wa kisa, kumbe nilikuwa natetea mlango wa nyuma.

Wahakiki wengi wamemsoma Solinas pamoja na Frantz Fanon, ambaye kitabu chake cha mwaka 1961 tunacho kwa Kiswahili tangu mwaka 1978, Viumbe Waliolaaniwa. Uhusiano huo upo. Lakini nahofia tukikimbilia Fanon upesi mno tunafanya kosa lile lile la kumpita mtu foleni. Chuncho hakusoma Fanon. Alisimama stesheni akatazama.

Aliyepewa fedha

Ningependa kuishia hapo, nikiwa nimetubu na picha ikiwa imeshinda. Lakini usiku ule hatukuishia hapo.

Dada mmoja wa darasa letu alikuwa amenyamaza muda wote. Tulipokwisha kukubaliana, wanaume watano sita tukitikisa vichwa juu ya foleni na utu wa Chuncho, aliuliza swali la kwanza: Adelita yuko wapi? Adelita (Martine Beswick) ndiye mwanamke wa kundi lile, mwenye dhuluma ya kulipiza kuliko wote, na kabla ya mwisho anaondoka zake. Kamera haimfuati. Mapinduzi yanabaki kuwa ugomvi wa mapenzi kati ya wanaume wawili, mmoja mchafu na mmoja msafi.

Tukasema ni kweli, huo ni udhaifu wa fani yenyewe. Na ni kweli pia kwamba Waulaya hawa waliiazima Meksiko kama jukwaa: picha ilipigwa Almería, Hispania, Chuncho ni Muitaliano, Santo ni Mjerumani, na katika wakubwa ni Jaime Fernández, aliyecheza Jenerali Elías, ndiye Mmeksiko hasa. Yeye ndiye anayepigwa risasi.

Akauliza la pili. "Na yule aliyetupiwa fedha? Ameulizwa?"

Chumba kilikaa kimya. Akaendelea, taratibu tu, kama mtu anayehesabu chenji. Chuncho ametoka hotelini. Amekula. Anamtupia mtu mwenye njaa fedha, halafu anampangia matumizi. Asinunue mkate. Huyo anayekatazwa mkate ana watoto? Amekula lini? Watu wa San Miguel waliambiwa nao washike silaha, wakaachwa, wakafa, na aliyewaacha sasa anakimbia relini huku anacheka. "Nyie mnaona Tate peke yake ndiye aliyempita mtu," alisema. "Huyu mwingine kampita mtu sasa hivi, mbele ya macho yenu, mkapiga makofi."

Kwa kweli tulikuwa tumepiga makofi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mgawanyiko wa watazamaji wa Quién sabe? haukutokana na picha kuwa na utata wa bahati mbaya. Watengenezaji walibishana na fani waliyoitumia. Wauzaji waliibadili kwa majina. Wanasiasa waligombea kama inafaa kubeba ujumbe. Na sisi wengine tulikaa pale tulipozoea kukaa maishani, tukaiona kutokea hapo. Mtazamaji anapotaja stelingi wake anataja pia mahali pake katika foleni.

Je, hii ina maana kwamba kila mtu ana ukweli wake na tuachane kwa amani? Sidhani. Mimi nilikuwa nimekosea, na nilikosolewa na mtu aliyekuwa na ushahidi nisiokuwa nao. Yeye naye, na sisi sote, tulikosolewa na aliyemtazama mtu ambaye hata kamera ilimtazama kwa sekunde chache tu. Maoni yanatofautiana, lakini hayalingani uzito. Yaliyo mazito zaidi ni yale yanayomwona mtu mmoja zaidi.

Juu ya mkate na baruti hatukuafikiana. Mwenzangu wa Kigoma alishikilia kwamba mkate wa leo ndio unaoifanya foleni ya kesho iwepo. Yule dada alisema kwamba uamuzi huo ni wa mwenye njaa, si wa mwenye suti. Mlinzi, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo zake muda mrefu kuliko tulivyojua, alituuliza kama tumemaliza. Mmoja wetu akamwuliza yeye angenunua nini.

Alicheka. Alisema kwanza angezihesabu.